Isiolo: Mji wa askari, mlango wa futi mbili

Kama hujawahi kufika Isiolo, basi siku utakapojaaliwa nauli usiogope umbali. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 280, na gari lako litapitia Thika, Sagana, Karatina na Nanyuki. Ukifika Timau utafunga sweta yako hadi shingoni, kwani hapo Mlima Kenya uko ubavuni mwako na upepo wake hauna huruma. Ukishaipita njia panda ya Subuiga, barabara huanza kuteremka. Huteremka mpaka masikio yakazibuka, na kabla hujafika chini sweta umekwisha kuivua na kuiweka mapajani. Mbele yako nchi hufunguka, tambarare yenye rangi ya vumbi, na milima imesimama mmoja mmoja kama watu waliokosana. Hapo ndipo Isiolo.

Zamani wasafiri walizoea kusema kwamba Kenya inaishia hapa. Hadi miaka ya 2000 lami ilikomea Isiolo, na aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale alipanda juu ya lori la ng'ombe na kumwomba Mungu. Siku hizi lami imefika Moyale, mpakani na Ethiopia, na mji una uwanja wake wa ndege. Hata hivyo, ukishuka kituoni utaona kwamba Isiolo haijasahau asili yake. Utaiona minara ya msikiti mkuu, utawakuta kina mama wakipakia mitungi ya maziwa ya ngamia yanayokwenda kuuzwa Eastleigh, na vijana wakishusha mafurushi ya miraa kutoka Nyambene. Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu wote utawakuta hapo, kila mmoja na Kiswahili chake.

Lakini safari hii mimi sikwenda kutazama ngamia. Nilikwenda kupima mlango.

Nina mjomba Isiolo, ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina. Kila mtu, hata mtoto wa chekechea, humwita Afande. Alikuwa sajini katika jeshi la nchi kavu. Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011 yeye alikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka, na mwaka uliofuata gari alilopanda likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto ulinusurika, lakini haubebi uzito. Anao mguu wa bandia, mzuri tu, ila joto la Isiolo na jasho lake humfanya atoke vidonda pale unapokutana na nyama. Huuvaa siku ya harusi na siku ya matanga. Siku nyingine zote ni kiti cha magurudumu.

Huenda ukauliza kwa nini mtu wa hali hiyo akaishi Isiolo badala ya kurudi kijijini. Jibu ni rahisi. Isiolo ni mji wa askari. Hapa kuna kambi kubwa na chuo kinachofunza askari wa miguu, na wengi waliopitia humo hununua ploti wakiwa bado kazini, wakaoa, wakapeleka watoto shule, na ukija mwisho wa utumishi hawaoni sababu ya kuhama. Ukinywa chai katika hoteli yoyote mjini utawatambua wastaafu hao kwa namna wanavyokaa wima na namna wanavyoitazama saa.

Na jambo hili si la leo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapa Wasomali waliokuwa wameitumikia jeshini, wengi wao wa koo za Isaaq na Harti, waliokuja kwa njia ya Aden, Berbera na Kismayu. Wajukuu na vitukuu vyao wangali mjini, na baadhi ya maduka ya zamani ni yao. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba Isiolo ilizaliwa ili iwe nyumba ya askari aliyemaliza vita. Waliambiwa: kaeni hapa, lisheni mifugo yenu hapa. Lakini hati ya ardhi hawakupewa. Kwa sheria za wakati ule ardhi ilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na Mwafrika aliyekaa juu yake alikaa kwa hisani.

Ili ujue kwamba hisani hiyo haikugawanywa kwa kibaba kimoja, tazama yaliyotendeka kwingineko katika koloni hii hii, miaka hiyo hiyo. Kule Kericho, maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wengine wakiwa wamepoteza mkono au mguu, walitengewa ekari 25,000 zilizonyakuliwa kutoka kwa Wakipsigis. Walikusudiwa kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafilisika baada ya miaka michache, na ardhi ikaishia kwa makampuni ya majani chai. Waliofilisika ni walemavu, nami siwacheki. Nataka tu uone kwamba serikali ilijua, tangu wakati huo, kwamba askari aliyevunjika mwili anahitaji mahali palipoandaliwa kwa ajili yake. Ilijua hivyo kwa ofisa mweupe. Kwa wapagazi weusi waliobeba risasi na unga wa jeshi hadi Tanganyika, na kufa kwa makumi ya maelfu, kilichobaki ni jina la mtaa: Kariokor, Nairobi.

Huko kwao Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza. Mwaka 1916, mizinga ikiwa bado inanguruma, tajiri mmoja wa majumba ya michezo aitwaye Oswald Stoll alianzisha ujenzi wa nyumba katika mtaa wa Fulham, London, ili askari walemavu waishi humo pamoja na wake zao na watoto wao. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Hakujenga hospitali wala kambi. Wamarekani nao, baada ya vita vya pili, walipitisha sheria mwaka 1948 ya kumpa ruzuku askari aliyepooza miguu ili ajenge au arekebishe nyumba: milango mipana, hakuna ngazi, bafu analoweza kuingia na kiti chake. Afrika Kusini iliweka makazi katika orodha ya mambo ambayo mwanajeshi wa zamani anaweza kupewa, kwa sheria yake ya 2011.

Kwetu, Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Ilikuwepo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na sasa ipo mpya ya 2025. Kuhusu wanajeshi wastaafu ipo sheria ya 2022. Karatasi zipo, msomaji. Na kila tarehe 14 Oktoba, siku ya Majeshi ya Ulinzi, waliokufa huwekewa mashada na tarumbeta kulia, jambo linalostahili kabisa. Aliyerudi nusu huwa nyumbani akitazama sherehe hizo kwenye televisheni.

Sasa twende nyumbani kwa Afande.

Askari akiwa kazini huishi katika nyumba ya jeshi. Siku anapotoka kazini, nyumba hutoka naye. Kwa mjomba siku hiyo ilifika angali akijifunza kukaa juu ya kiti. Familia ilihamia chumba cha kupanga, mojawapo ya vyumba 10 vilivyopangwa kwa mistari miwili, ua katikati, choo kimoja mwishoni. Ua ule ulikuwa wa changarawe. Kama hujawahi kusukuma kiti cha magurudumu juu ya changarawe, jaribu kusukuma baiskeli iliyopasuka matairi yote mawili, mtu mzima amekaa juu yake. Mwenye nyumba, ambaye simtaji, aliombwa amwage saruji njia ya futi 3 tu hadi chooni. Alisema wapangaji wengine nao watataka vya kwao.

Hapo ndipo mke wa mjomba, ambaye sote humwita Mama, alipoanza kumbeba mumewe mgongoni alfajiri kabla majirani hawajaamka. Mjomba ni mtu wa miraba minne hata baada ya mguu kuondoka. Mama alikuwa mwembamba. Leo akiinama kuokota ufagio hushika kiuno na kusimama kidogo kwanza, na yeye hakupigana vita yoyote. Hakuna fomu ya serikali yenye nafasi ya kuandika kiuno cha mke.

Basi mjomba akachukua malipo yake ya kustaafu, akajenga kwenye ploti yake. Nyumba ya mawe, vyumba 3 na sebule, mabati ya kijani kibichi. Sote tulikwenda kuifungua, mbuzi akachinjwa, maombi yakaombwa, picha zikapigwa. Ndipo mwenye nyumba akasukumwa mpaka mlangoni pake, na tukaona kwamba fundi alikuwa amejenga nyumba nzuri ya mtu mwenye miguu 2.

Mbele kulikuwa na ngazi 2. Nyumba yetu ya Kiafrika haiwi nyumba mpaka ipande ngazi. Tunaogopa maji ya mvua na tunapenda kuonekana tumeinuka. Mlango wa sebule ulikuwa wa futi 3, ukapitika. Milango ya vyumba ilikuwa ya futi 2 na nusu. Kiti kilipita kwa kukwaruza vifundo vya vidole. Lakini mlango wa choo na bafu ulikuwa wa futi 2. Hivyo ndivyo mafundi wanavyojenga vyoo kuanzia Mombasa hadi Busia, na hakuna anayeuliza. Futi 2 ni inchi 24. Ukitoa fremu hubaki pungufu ya hapo. Kiti cha mjomba, kutoka gurudumu hadi gurudumu, ni inchi 25.

Usimlaumu fundi. Nilimwuliza, naye akaniambia kweli tupu, kwamba hakuna aliyempa kipimo cha kiti. Mjomba mwenyewe hakukitoa. Alipokuwa akichora nyumba ile kichwani, usiku, hospitalini, alijichora akitembea.

Kwa hiyo miaka ikapita hivi: Afande akifika mlango wa choo, hushuka kwenye kiti, huketi sakafuni, hujikokota kwa mikono hadi ndani. Mlango haufungiki kwa sababu kiti kimeuziba. Mke au mtoto husimama nje akitazama upande mwingine. Binti yake wa mwisho alipofika kidato cha pili alianza kukataa kuleta marafiki nyumbani, na baba hakumwuliza kwa nini.

Nilipoyasikia hayo kutoka kwa mama yangu, nilinunua tepu ya kupimia pale River Road, nikaingia kwenye gari la Isiolo.

Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kuondoka, na haya nakupa nawe, kwani huenda ukawa na mzee nyumbani au jamaa aliyeanguka na pikipiki. Mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu unatakiwa uwe na uwazi wa inchi 32 baada ya kutoa fremu, yaani nunua mlango wa futi 3. Ndani ya choo, ili kiti kigeuke, panahitajika nafasi ya futi 5 kwa 5. Choo kiwe cha kukalia, kimo cha inchi 18 au karibu na hapo, sawa na kiti chenyewe, ili mtu ahame kwa kuteleza pasipo kuruka. Ukutani pawe na bomba la kushikia lililochimbiwa kwenye jiwe, si kwenye plasta. Rampi, yaani mteremko wa saruji badala ya ngazi, hufuata hesabu moja: kwa kila inchi 1 ya kwenda juu, futi 1 ya kwenda mbele. Ngazi za mjomba zilikuwa 2 za inchi 6 kila moja, kwa hiyo rampi futi 12. Watu wengi huijenga ya futi 4, wakadhani wamesaidia. Hiyo ni telezo. Mtu hawezi kuipanda peke yake, na akishuka anaweza kutumbukia kwa uso.

Jioni ile tulikaa uani. Mjomba alinitazama nikipima bila kusema neno. Mwishowe akaniambia, "Mpwa wangu, hilo jambo lina gharama."

Nilidhani anazungumzia saruji. La, alikuwa akizungumzia ploti. Tangu awali alikuwa na nia ya kukopa benki aongeze chumba na choo kipya upande wa nyuma. Benki ikataka hatimiliki. Yeye anayo barua ya kugawiwa ploti, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na risiti za miaka yote. Amepanda ngazi za ofisi nyingi na barua hiyo, au tuseme wengine wamempandia, kwa sababu ofisi ya mwisho iko ghorofani na haina lifti. Huko alitumiwa karani kwenye ngazi, akamsikiliza akiwa amesimama, akamwambia arudi mwezi ujao.

Wenye barua kama yake Isiolo ni wengi, askari na wasio askari, na suala la ardhi katika mji huu limekwisha kuzua ugomvi usio na mwisho. Sitaki kuliingilia leo. Lakini nilipoishika karatasi ile niliwakumbuka wazee wa Kisomali waliorudi kutoka vita vya kwanza wakaambiwa wakae hapa, na miaka zaidi ya 100 iliyopita tangu hapo.

Benki tukaiacha. Ukoo ukachanga, kama koo zinavyochanga kwa matanga na arusi, na kwa mara ya kwanza tukachangia mlango. Ndugu mmoja aliye Mombasa alituma pesa kwa simu na kuandika "za choo" kama maelezo, tukacheka sana.

Orodha nzima ilikuwa hii: mifuko 6 ya saruji, lori dogo la mawe ya kujazia, mchanga wa mto, mlango wa chuma wa futi 3, choo cha kukalia, vipande 2 vya bomba la inchi moja na nusu, na siku 4 za fundi na mtu wake wa mkono. Ukuta uliotenga choo na bafu ulibomolewa, vyumba viwili vidogo vikawa kimoja kinachotosha kiti kugeuka. Fundi ni yule yule. Safari hii, kabla ya kugusa nyundo, alimwomba Afande ruhusa, akakipima kiti chenyewe mara tatu, upande hadi upande, na kuandika kipimo ukutani kwa penseli.

Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja, mstaafu naye, mwenye fimbo, aliipanda rampi ikiwa haijakauka vizuri na kuacha alama ya kiatu ambayo ingali pale. Akauliza kama ni lazima mtu awe amekatwa mguu ndipo ajengewe kitu kama hiki, maana magoti yake nayo hayapendi ngazi. Mama akamwambia fundi hajaenda mbali.

Siku ya sita saruji ilikuwa imeshika. Mjomba hakutaka sherehe. Alipanda rampi peke yake, polepole, mikono ikisukuma magurudumu, akapumzika mara moja katikati. Akapita sebuleni. Tuliokuwa hapo tukajifanya tuna shughuli: mimi nikakusanya vikombe, binti akafungua daftari. Tukasikia magurudumu yakiingia chooni, mlango ukarudishwa, na komeo likafungwa kwa ndani.

Alikaa humo muda mrefu. Chai ilipoa, Mama akaipasha tena.